Vumbi la Mbao Kwenye Nywele za Mwalimu

Jumamosi asubuhi, meza ya chakula nyumbani kwa kina Mbona haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya madaftari. Baba yake, mwalimu wa hisabati wa darasa la Mbona, aliyarundika pande zote, akashika kalamu nyekundu, na chai yake ikapoa mpaka mama akachoka kuipasha moto.

Jina la Mbona alipewa na shangazi yake, kwa kuwa tangu ajue kusema, maswali yake yote yalianza hivyo. Mbona mwezi unatufuata? Mbona jogoo hana meno?

Siku za karibuni, swali lilikuwa baba mwenyewe. Mtu aliyezoea kusema hana nafasi hata ya kuugua mafua, sasa alifunga madaftari mapema, akavaa shati kuukuu na kuondoka na fundi seremala wa mtaani. Alirudi na vumbi la mbao kwenye nywele na plasta kidoleni.

"Baba, mbona una vumbi?"

"Nimejiunga na chama cha undugu cha wanaume wa parokia. Tuna kazi kidogo."

"Kazi gani?"

"Hayo ni ya kwetu, mwanangu," baba akajibu, akarudi kwenye madaftari yake.

Kumnyima Mbona jibu ni kama kumwonyesha paka samaki dirishani. Alijaribu hili na lile, na kufikia Jumatatu alikuwa amejijibu: baba anajifunza useremala ili aache ualimu. Alimwambia rafiki yake mmoja tu. Bahati mbaya, rafiki huyo ndiye darasa zima lilimwita Redio, na hakuhitaji betri.

Habari ilienea kabla ya mapumziko. Siku chache baadaye, nusu ya darasa haikufanya kazi ya nyumbani. Kwa nini wajisumbue kwa ajili ya mwalimu anayeondoka? Mzazi mmoja akaja shuleni kulalamika kwamba watoto wanatelekezwa na mtihani uko mlangoni. Mwalimu mkuu akamwita baba ofisini. Kupitia dirisha, Mbona alimwona baba yake amesimama kama mwanafunzi aliyeulizwa somo ambalo hakufundishwa.

Jioni alimweleza baba yote. Baba hakufoka, na afadhali angefoka. Aliiweka kalamu chini.

"Nani alikuambia naacha kazi?"

"Hakuna, baba. Nilidhani."

"Basi ulikoyapeleka maneno hayo, ndiko utakakoyafuata."

Kesho yake Mbona alisimama mbele ya darasa. "Nilisema Mwalimu anaacha kazi," alisema. "Si kweli. Nilibuni."

"Sasa lile vumbi ni la nini?" Redio akauliza kutoka nyuma.

"Sijui."

Neno hilo lilitoka kwa shida, maana hakuwa na mazoea nalo. Wenzake wakacheka, na mmoja aliyecheka sana akaonekana akiazima rula kwa jirani ili aanze hesabu za juzi.

Jumamosi ilipofika, baba alimwambia avae viatu: mwenye nyumba wanakofanya kazi alikuwa amezisikia habari za Mbona, na alitaka kumwona.

Ilikuwa nyumba ndogo ya mzee aliyepiga kengele ya kanisa miaka mingi, mpaka miguu ilipomgomea. Alipata kiti cha magurudumu, lakini ngazi za mlangoni zikamfungia ndani. Hakupenda kuonewa huruma, na chama kilikuwa na kanuni yake: jina la anayesaidiwa halitoki nje ya mkutano. Kwa hiyo ndugu hao walimjengea njia ya mteremko ya mbao bila kutangaza.

Fundi seremala, akipiga randa, alimsimulia Mbona jinsi baba yake siku ya kwanza alivyowataka watu wazima wanyooshe mikono kabla ya kusema, akapita akitia alama nyekundu za vema kwenye mbao za wenzake. Kisha akakata ubao wake mwenyewe, ukatoka mfupi.

"Tulimpa sifuri," fundi alisema. "Lakini hajakosa kurudi, na hesabu za mteremko huu ni zake."

"Shikamoo, babu," Mbona alimsalimu mzee.

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye uliyemwachisha baba yako kazi? Haya, uliza."

"Utakwenda wapi kwanza?"

"Kanisani. Huyo waliyempa kamba ya kengele anaipiga kama anafukuza kuku."

Baba alichuchumaa karibu na bintiye. "Kuuliza si kosa, na usiache. Kosa ni kujijibu mwenyewe, kisha kuwagawia wenzako jibu kama la kweli. Usipojua, sema hujui, mpaka umpate anayejua. Nami nimekosea. Hata kama siwezi kusema ninachofanya, ningekueleza kwa nini nanyamaza."

Mzee akasukuma magurudumu. Mbao zikalia kidogo, kisha kiti kikagusa ardhi na kuelekea njiani bila kumsubiri mtu. Mbona akakimbia nyuma yake, akiwa na maswali mengine tele.