Kompyuta Ilimzeesha Jenifa

Gari la wanariadha lilikuwa limeshakata kona kuelekea Bukoba, vumbi linalifuata nyuma. Jenifa bado amesimama getini pa shule, raba zinaning'inia shingoni.

"Shikamoo, bibi!" Dastan wa darasa lake akamtania. "Kompyuta imesema umezeeka!"

Watoto wakacheka. Jenifa alikuwa darasa la saba, na mashindano hayo ya mkoa yalikuwa ya mwisho kwake. Huko Bukoba, shule moja ya sekondari ingechagua wasichana wawili wanaokimbia vizuri, iwasomeshe bure.

Kicheko kile kilimchoma Placidia wa darasa la sita. Fomu ya kompyuta iliyomkata Jenifa aliitengeneza yeye. Ukijaza tarehe ya kuzaliwa, inakokotoa umri. Aliyefika miaka kumi na tano haendi. Placidia aliiagiza itoe mwaka kwa mwaka, basi. 2023 kutoa 2008, kumi na tano. Lakini Jenifa alizaliwa Desemba, na huu ulikuwa Juni.

Placidia alimkuta Mwalimu Elpidius wa michezo ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Jenifa ana kumi na minne. Fomu inamzidishia mwaka mtu ambaye siku yake ya kuzaliwa haijafika."

Mwalimu akahesabu kwa vidole. "Umegundua sasa hivi?"

"Alhamisi. Nilijaza tarehe yangu, nikaona."

"Leo Jumanne, Placidia!"

"Ulikuwa umeshanisifu mbele ya mwalimu mkuu."

Mwalimu akapiga simu Bukoba. Akajibiwa kwamba orodha imeshafungwa.

"Nilitia saini orodha bila kuhakiki, hilo ni kosa langu," alisema. "Lakini wewe uliona. Alhamisi ilikuwa kazi ya dakika tano. Umenyamaza, na Jenifa amebaki. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sifa zitakutoka."

Placidia akairekebisha fomu palepale: kwanza iangalie kama siku ya kuzaliwa imeshapita mwaka huu, kama bado, ipunguze mwaka mmoja. Akajaza tarehe ya Jenifa. Kumi na minne.

Fomu hiyo inatumika hadi leo. Mwalimu Elpidius alihamishiwa Igurwa. Dastan anachunga mbuzi wa baba yake. Placidia anasoma sekondari. Jenifa yuko Kibingo kwa shangazi yake, anachuma kahawa. Placidia alikwenda kumwomba msamaha. Akakaribishwa ndizi, akala, na habari za mbio hakuna aliyezitaja.