Zamu ya Alhamisi

Maiti ya Mika ilikutwa Alhamisi asubuhi, imelala kifudifudi ndani ya mfereji wa maji, bondeni chini ya Rangwi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Maji yalipita juu ya mgongo wake yakaenda zake kwenye kabichi zake.

Inspekta Mbaraka alifika kutoka Lushoto saa sita, buti zimejaa vumbi. Mwaka ule wa 1955 mvua za vuli zilikuwa zimekosekana kabisa. Bonde zima liliishi kwa mfereji ule mmoja, kila nyumba na siku zake.

"Jeraha moja. Kitu chenye makali mapana," alimwambia askari wake. "Andika jembe."

Kisha akamgeukia mzee Tobia, msimamizi wa mfereji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo zamu ya nani?"

"Kornelio. Jumatatu na Alhamisi ni zake tangu enzi za baba yake."

"Mbona maji yanaingia kwa Mika?"

Mzee akatazama chini. "Hilo kamuulize Kornelio."

Kornelio alikutwa kwake, ameketi kizingitini.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namwagilia maharage, Bwana Inspekta. Tangu alfajiri."

Inspekta aliingia shambani, akainama, akachota udongo. Vumbi tupu. Majani ya maharage yalikuwa yamejikunja kama yameungua.

"Umemwagilia kwa mate?"

Kornelio akatupa jicho mlimani.

"Nauliza tena. Ulikuwa wapi?"

"Kule juu kwenye msitu wa miwati. Tukicheza karata. Tulikuwa wanne, waulize wenzangu."

"Na zamu yako ya maji?"

"Niliicheza kamari jana usiku, bwana. Hela ziliisha, nikaweka maji. Mika akala. Jumatatu zote na Alhamisi zote, mpaka mavuno."

Askari alicheka, akanyamazishwa kwa jicho. Kweli, si jambo la kucheka. Mcheza kamari huanza na senti, kisha shati lake, kisha huweka mali ya watu walio nyumbani, wala hawana habari.

Wale watatu waliulizwa mmoja mmoja. Kauli yao ilikuwa moja: Kornelio hakuinuka mchezoni mpaka yowe lilipopigwa. Basi si yeye.

Inspekta alizunguka nyumba. Mtungi mtupu. Sufuria za jana hazijaoshwa. Lakini jembe lililoegemea ukuta wa jikoni liling'aa, limesuguliwa hadi mpini.

"La nani hili?"

"Langu," alijibu Secilia, mke wa Kornelio, mtoto mchanga mgongoni.

"Nani kaliosha?"

"Mimi."

"Nyumba haina maji hata ya kuoshea sufuria, mama. Umeliosha wapi?"

Secilia alimtazama mumewe, si Inspekta.

"Mferejini," alisema. "Sikujua kitu, bwana. Nimekwenda kufungua maji kama kila Alhamisi. Namkuta Mika ameziba njia yetu kwa vigogo vya mgomba. Nikamwambia, shemeji, leo yetu. Akacheka. 'Kamuulize mumeo, maji yake nimeyala mpaka mavuno.' Nikampigia magoti. Nikamwambia watoto watatu hawana kingine, ni yale maharage tu. Akasema, 'Mumeo angecheza mara moja zaidi, hata wewe ungekuwa unapalilia kwangu.' Akanipa kisogo, akainama kuongeza tope."

"Ukampiga."

"Nikampiga. Mara moja. Hakulia hata."

Kornelio alisimama. "Secilia, si ungekuja kuniuliza kwanza!"

"Nikuulize? Miaka sita nakuuliza, Kornelio. Mbuzi nilikuuliza. Blanketi la watoto nilikuuliza."

Inspekta alitoa pingu, akazitazama, akazirudisha mfukoni.

"Mwache mtoto, mama. Twende."

"Huyu ananyonya. Nakwenda naye."

Alikaza kanga mgongoni, akaanza kushuka njia ya Lushoto mbele ya askari. Penye ua akageuka.

"Umebaki na wawili, Kornelio," alisema. "Hao usiwaweke."