Anayetafuna Mdomoni mwa Viki

Viki alikuwa anatafuna kabla hajapewa chakula.

Mama yake, Koleta, aliliona hilo Jumanne moja akipakua makande, na hakulitilia maanani, maana mwanamke anayeuza chakula stendi ya Same tangu alfajiri hana nguvu ya kushughulikia kila upuuzi wa nyumbani kwake. Mtoto wa miaka kumi na moja, mdomo mtupu, anatafuna. Taya likishuka, kitu kinalia mbele ya sikio la kushoto: tak.

"Acha hiyo tabia," alimwambia.

"Si mimi, mama."

Maumivu yalipoanza, baba yake, Zebedayo, mtu hodari wa kuamua mambo akiwa kitandani, alimpeleka kwa fundi wa meno wa uchochoroni. Fundi aling'oa meno mawili ya nyuma, akatangaza kwamba amekuta mdudu. Mdomo ukaanza kujifunga. Leo andazi halipiti, kesho kijiko. Hapo mama mkwe, Bibi Asteria, aliyeshuka kutoka milimani kuja kusaidia na hajaosha hata kikombe, akamwita mganga. Mganga alifumba macho, akavuta pumzi, akasema ni jini kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu na linataka mbuzi mweusi.

"Jini la bwawani linafuata nini huku," Koleta aliuliza, "ambako hata sisi maji tunanunua?"

Mganga alikasirika. Akaondoka na kuku wawili.

Koleta akafunga kibanda, akampeleka mtoto hospitali. Daktari Nasrin, binti mwembamba, alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza Viki mwenyewe. Inauma wapi? Inazidi ukitafuna au ukiamka? Akamwambia afungue mdomo. Vilipaswa kuingia vidole vitatu vilivyosimama, kikaingia kimoja. Akabonyeza mashavu na panja, na kila alipogusa mtoto alishtuka.

"Meno ni mazima, mama. Nadhani hata yaliyong'olewa yalikuwa mazima. Shida ni kiungo cha taya na misuli yake. Imechoka kama ya mtu anayetafuna bila kupumzika. Huwa anasaga meno akilala?"

"Anasaga akilala, akiamka, mpaka kanisani."

Daktari akaweka kifaa cha kusikilizia moyo mbele ya sikio la Viki. Akaganda. Kisha akamvisha Koleta kile kifaa masikioni, na Koleta akasikia tak, tak, na chini ya ile tak sauti nyingine laini, yenye mate, ya mdomo mdogo unaotafuta ziwa na kulikosa, unatafuta tena, unagugumia, na papo hapo harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda kutoka mdomoni mwa binti yake, ambaye tangu jana alikuwa ameonja maji tu.

"Una mtoto mchanga nyumbani?" daktari alinong'ona.

"Huyu ndiye wa mwisho."

Daktari alimtengenezea Viki kipande cha plastiki cha kuvaa kwenye meno ya chini akilala. Ijumaa walipokirudisha kilikuwa na matundu mawili tu, yamepenya mpaka upande wa pili, membamba kama punje za mchele.

"Meno yake ya juu yangeacha mstari mzima," daktari alisema. "Haya ni mawili tu. Ya mtoto wa miezi sita. Mama, sijui niandike nini kwenye faili. Jumatatu tumpeleke hospitali kubwa alishwe kwa mpira wa puani. Akikaa zaidi ya hapo hatapona."

Siku hiyo hata mrija haukupita.

Nyumbani Koleta aliweka ile plastiki mbele ya mama mkwe wake. Akamwonyesha yale matundu mawili. Kikongwe aliitazama, akajifunika mdomo kwa khanga.

"Yalitangulia ya juu," akasema.

Koleta alilijua neno lake. Kigego: mtoto anayeota meno ya juu kwanza, mtoto wa mkosi, ambaye wazee wa milimani walikuwa wakienda kumtupa kwenye jabali. Alidhani hayo yaliisha na mababu.

"Lini?"

"Kabla ya Zebedayo. Waliniambia ukoo utakwisha. Hakuwa ameonja hata uji. Nilimkabidhi kwa mikono yangu."

"Anaitwa nani?"

"Kigego hapewi jina. Mama Viki, tumwite yule mganga, tununue huyo mbuzi..."

"Ulimtupa mara moja, sasa unataka afukuzwe tena? Keti hapo."

Ilikuwa saa saba mchana. Koleta alimkalisha Viki mkekani, akamkalisha bibi mbele yake.

"Mwite. Mwambie aje kwako."

"Nitakufa."

"Una miaka sabini na tatu. Viki ana kumi na moja."

Zebedayo alisimama mlangoni. "Mke wangu, huyo ni mama yangu."

"Basi keti wewe."

Zebedayo akatazama viatu vyake.

"Njoo," kikongwe akanong'ona hatimaye. "Njoo, mwanangu. Njoo kwa mama."

Upepo wa vumbi uliokuwa ukipiga bati tangu asubuhi ukanyamaza, ile tak ikaharakisha mpaka ikawa kama mvua ya kokoto, harufu ya maziwa ikajaa chumba kizima, na juu ya mkeka, kati ya mtoto na bibi, vikatokea vishimo vidogo vya viganja na magoti, kimoja baada ya kingine, bila haraka, vikitambaa, mpaka khanga ya Bibi Asteria ikavutwa chini na kitu kikaanza kuipanda.

Viki akapiga mwayo, mdomo wazi wote.

"Mama, njaa."

Alikula sahani mbili. Kando yake, fizi tupu za Bibi Asteria zilikuwa zimeanza kwenda, juu, chini, tak, na macho yakimlilia Koleta, maana sauti haikutoka tena.

"Tumpeleke hospitali kubwa," Zebedayo alisema. "Si wana ule mpira?"

Koleta alipakua makande, akajaza sahani, akaisukuma mbele ya mama mkwe wake.

"Tafuna, mama," alisema. "Mwenzio ana miaka hamsini hajala."