Ukurasa wa Kuku wa Kwedizinga

"Hivi mjukuu wangu, huo ukurasa wenu mbona kwangu haufunguki?"

Bibi Mwaija, jirani yao pale Kwedizinga, alimuuliza Husna swali hilo wakati wa likizo, wakichambua mchicha uani. Kioo cha simu yake kilikuwa cheupe pe. Ukurasa wenyewe wa mtandaoni Husna aliutengeneza shuleni kwake bweni, Kilole, ili wafugaji wasome siku za chanjo ya kuku.

"Ni mtandao wa huku, Bibi. Utakaa sawa."

Moyoni alijua si kweli. Mwalimu Fausta alimshauri atumie maktaba nyepesi ya programu, yaani maagizo ya kompyuta yaliyoandikwa tayari, yenye kazi moja tu ya kupanga maandishi kwenye kioo. Ikram, mwanafunzi mwenzake, akamcheka: "Hiyo ya wanaoanza, bwana. Wajuzi wanatumia mfumo mzima." Basi Husna akachukua mfumo mzima, na vikorombwezo asivyovihitaji. Kompyuta za shule ziliufungua mara moja. Simu ya Bibi haikuweza kuubeba.

Shule zilipofunguliwa, tangazo la chanjo likawekwa kwenye ukurasa. Bibi hakuliona. Kideri, ugonjwa unaoua kuku, kikapita bandani kwake.

"Bibi Mwaija hana hata jogoo wa kumwamsha alfajiri," mama yake Husna alimweleza kwa simu.

Siku hiyo Husna aliposali, ulimi ulisoma, moyo ulikuwa bandani kwa Bibi. Akamwendea Mwalimu Fausta, akamweleza yote.

"Tuanze upya," alisema Mwalimu. "Anayefuata ndoo moja ya maji haburuti tangi."

Wakaujenga kwa ile maktaba nyepesi. Safari hii waliujaribu kwenye simu kuukuu ya mpishi wa shule.

Jumamosi Husna alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani, akamkuta Bibi sebuleni kwao pamoja na mama yake aliyekuwa akipeta mchele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Akaiomba simu. Ukurasa ukafunguka, tarehe ya chanjo ijayo ikiwa juu kabisa.

"Kumbe mtandao umepona," alisema Bibi.

Husna angeweza kunyamaza. "Haukuwa mgonjwa, Bibi. Niliuwekea ukurasa mfumo mzito ambao simu yako haiwezi kuubeba, na siku ile uliponiuliza nilijua kosa ni langu. Nikakudanganya."

Mama yake akaweka ungo chini. "Kuchagua mzigo mkubwa ni ujinga, mwanangu, na ujinga shule inautoa. Lakini aliyekuuliza alikupa nafasi ya kuwaokoa kuku wake, nawe ukaifunika kwa uongo. Mungu anapenda ukweli, na ukweli husemwa ungali na faida kwa mwenzio."

Bibi Mwaija aliinuka, akajitanda kanga, akavaa kandambili zake mlangoni. Akatoka, akashika njia ya kwake.