Mfuatiliaji wa Kifungu cha Arobaini na Moja

"Mgonjwa wa chini anabanwa kifua. Wahi."

Sauti ilikuwa ya Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa kitengo cha ujasusi, na mgonjwa kwake ni mtu aliye hatarini. Chini ni chumba cha seva, chini kabisa ya jengo la Bunge. Kubanwa kifua ni gesi.

Mwoga aliacha chai yake mezani na kutoka mbio.

Alizishuka ngazi mbilimbili, mkono mmoja ukiparaza ukuta. Mwoga lilikuwa jina lake la kazi. Wenzake walimbandika kwa sababu kila asubuhi aliinama kuchungulia chini ya gari lake kabla ya kuliwasha, na mgahawani hakuwahi kuupa mlango mgongo. Yeye hakununa. Wenzake wawili waliopewa majina makali, Simba na Radi, walikuwa wamekwishazikwa kwa heshima zote. Yeye bado alikuwa anakunywa chai.

Lakini hofu ya leo ilikuwa nyingine. Ndani ya chumba kile alikuwemo mdogo wake.

Asubuhi mama yao alikuwa amemshika mkono mlangoni. "Mwangalie mwenzio. Huyo ndiye kitinda mimba wangu. Umrudishe."

Naye akajibu, "Nitamrudisha, mama," kama vile ni jambo dogo.

Mdogo wake ndiye aliyeunda Mswada Kiganjani. Mtambo wenyewe haukuwa na maringo. Ulituma namba ya kifungu cha mswada kwa simu yoyote, hata ile ya tochi, na neno moja tu la kifungu hicho likiguswa kwenye vishikwambi vya wabunge, simu yako ililia palepale. Wakulima walijiandikisha, manesi wakajiandikisha, madereva nao. Wakubwa wengine walitabasamu mbele ya kamera, kisha wakarudi ofisini kusaga meno.

Alasiri hii Bunge lilikuwa likipigia kura Mswada wa Maji. Ulikuwa na vifungu arobaini.

Na siku chache nyuma mdogo wake alimpigia akicheka. "Kaka, kuna mtu kajiandikisha kufuatilia kifungu cha arobaini na moja! Ama kalewa, ama ni nabii."

Mwoga hakucheka. Shangazi ndiyo kabisa. Mtu anayesubiri kifungu ambacho bado hakijaandikwa anajua kuwa kitaandikwa. Walipochimba wakakuta mpango wote: kampuni moja ya nje ilikuwa imenunua watu ili dakika ya mwisho kifungu kichomekwe, na mito na chemchemi zote ziwe zake kwa miaka tisini na tisa. Wabunge wangebonyeza "ndiyo" bila kusoma, kama walivyozoea. Kizuizi kilikuwa mtambo wa mdogo wake tu. Ilibidi ufe kwanza. Ile namba ndiyo ilikuwa kipimo chao: kifungu kikiingia na simu ikakaa kimya, basi mtambo umekufa.

Laini yenyewe ilisajiliwa kwa jina la marehemu. Nani aliishika, hakuna aliyejua.

"Kaka." Sauti ya mdogo wake ilimjia kupitia kidude cha sikioni. "Mlango umekataa. Kitasa kimekufa. Niko ndani peke yangu."

"Nakuja. Usiguse kitu."

"Kaka, naogopa."

"Na mimi," alisema Mwoga, na ilikuwa kweli tupu.

Korido ya chini ilikuwa ndefu, nyeupe, yenye harufu ya rangi mpya. Mwishoni palikuwa na mlango wa chuma wenye kioo kinene. Nyuma ya kioo aliuona uso wa mdogo wake, na nyuma yake seva zikimetameta. Juu ya mlango palikuwa na maandishi mekundu: GESI YA KUZIMA MOTO. IKILIA KENGELE, TOKA.

Mle ndani kengele ikilia, mtu angetokea wapi?

Mbele ya mlango walisimama wanaume wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa ulinzi wa Bunge, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, na mkononi alikuwa na bastola aina ya Glock. Mwingine alikuwa fundi wa mitungi ya gesi. Alivaa ovaroli ya buluu na mikono yake ilikuwa juu.

"Ingia, mwanangu," alisema mkuu wa ulinzi kwa upole. "Nimemfuma huyu akiharibu kitasa."

"Mwongo!" fundi alifoka. "Nimekuja kukitengeneza, Afande ndiye kanikuta! Uliza nani ana funguo za huku!"

"Huwa wanasema hivyohivyo. Mfunge pingu, mimi niende kuzima gesi pale kwenye boksi."

Boksi lilikuwa ukutani, na ndani yake kulikuwa na wenzo mwekundu. Mtu mwema angeutumia kuzima gesi. Mwingine angeuvuta, na mdogo wake angekata pumzi akimtazama kupitia kioo. Yupi ni yupi?

"Kaka," mdogo wake alinong'ona. Kioo kile hakikupitisha sauti, kwa hiyo wale wawili hawakusikia kitu. "Yule nabii wangu. Naweza kumtumia ujumbe yeye peke yake. Nitume?"

Mwoga alimtazama kupitia kioo. Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayemkubalia Afande.

Mle ndani mdogo wake akabonyeza.

Kisha kitu kikanguruma.

Kilinguruma kwenye mfuko wa shati la mkuu wa ulinzi, juu kidogo ya nishani zake. Simu yake kubwa ilikuwa kiunoni. Hii ilikuwa nyingine, Nokia ndogo ya tochi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mkuu wa ulinzi alipigwa na butwaa kama aliyeng'atwa na siafu. Ujumbe ule ndio aliokuwa akiombea usije.

Walitazamana.

Mwoga alichomoa kalamu yake. Ofisi ilikuwa imeijaza pilipili miaka mitatu nyuma, naye hakuwahi kuitumia. Akaifyatua. Nusu ilimpata Afande machoni, robo ikampata yeye mwenyewe.

Afande alinguruma, akapepesuka, akaangukia boksi. Mkono wake ukakamata wenzo. Akauvuta.

Kengele ikalia.

"Kitufe cha manjano!" fundi alipiga kelele. "Kibonyeze, ukishikilie! Ukikiachia gesi inatoka!"

Mwoga alirukia ukutani na kukandamiza kwa kidole gumba. Kengele iliendelea kulia, lakini gesi ilisubiri. Fundi alichukua drili yake na kukivamia kitasa. Vumbi la chuma liliruka.

Mlango ukafunguka. Mdogo wake akatoka mbio, akamkumbatia mgongoni.

"U mzima? Uko mzima?" Mwoga aliuliza.

"Mzima, kaka. Achia, twende!"

Angeweza. Chumba kilikuwa kitupu sasa. Angeachia, gesi ijae, umeme ujikate, seva zizimike, na wote wanne watoke hai. Miguu yake ilikuwa tayari inageuka yenyewe.

"Kifungu kimeshaingia?" aliuliza.

"Bado."

Basi hakuachia.

"Ondoka kwenye hicho kitufe," ilisema sauti nyuma yake.

Mkuu wa ulinzi alikuwa amepiga goti. Macho yalimvimba, hakuona mbele, lakini bastola ilikuwa inaielekea pumzi ya Mwoga, na pumzi ya Mwoga ilisikika korido nzima.

"Nahesabu mpaka tatu, mwanangu. Moja."

Maisha yake yote Mwoga alikuwa mtu wa kukimbia, na sasa alitakiwa asimame tu, kama nguzo ya umeme, risasi ikimtafuta. Alimsukuma mdogo wake nyuma yake kwa mkono ulio huru. Kidole gumba kilibaki palepale.

"Mbili."

Nokia ikanguruma tena.

Safari hii mdogo wake hakuwa ametuma kitu.

Juu ya dari zilisikika simu nyingine. Kumi, mia, ukumbi mzima. Simu ya fundi. Simu ya Mwoga mfukoni. Kisha nje, kwenye uzio, zikapaa sauti za watu, na sauti hizo zikageuka kuwa kelele moja kubwa ya hasira. Kifungu cha arobaini na moja kilikuwa kimeingia kwenye vishikwambi, na nchi nzima ilikuwa inakisoma.

Mkono wa bastola ulilegea. Fundi hakusubiri kualikwa. Alimshushia Afande boksi la spana kisogoni, na Afande akalala.

"Shangazi," Mwoga alisema kwa sauti iliyopasuka. "Mgonjwa anapumua."

"Nasikia. Spika kasimamisha kura, na bwana wa kampuni tumemdaka jukwaa la wageni akitafuta mlango. Uliogopa?"

"Mpaka sasa naogopa."

"Vizuri. Kesho asubuhi ofisini."

Fundi alifunga mitungi, kengele ikanyamaza. "Unaweza kuachia sasa, bosi."

Mwoga alijaribu. Kidole kiligoma. Mdogo wake alilazimika kukibandua polepole, huku akilia na kucheka kwa pamoja.

Kisha Mwoga aliweka tai sawa, akaipita miguu ya Afande, akapanda ngazi bila haraka, mdogo wake akimfuata. Askari waliokuwa wakiteremka mbio walimpisha. Nje jua lilikuwa bado kali. Alipita katikati ya umati ulioinua simu, na hakuna aliyemtambua.

Kwenye gari alisimama. Akapiga magoti na kuchungulia chini, upande wa kulia, kisha wa kushoto.

"Kaka!" Mdogo wake alishika mbavu. "Hata leo?"

"Mama alisema nikurudishe," Mwoga alijibu, akijipangusa vumbi. "Hakusema vipandevipande."

Akamfungulia mlango.