Herufi Ishirini za Venant

Eulalie alikutana na Venant kwa kukanyagwa. Ilikuwa mwaka 2002, vita vikiwa bado barabarani, na ua wa parokia ulifurika watu waliokuja kutafuta ndugu zao. Kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kali akarudi kinyumenyume amebeba kompyuta, kisigino chake kikatua juu ya kidole cha mguu wa Eulalie.

"Pardon, maman!"

"Maman yako nani? Angalia kwenye unakanyaga!"

"Basi pardon, sheri."

"Sheri wa nani tena? Miye ni mupenzi wako?"

Lakini Eulalie alikwisha kucheka, na wiki hiyo hiyo simu zikaanza.

Venant ndiye aliyeandika programu ya PHP iliyoweka orodha ya wakimbizi kwenye intaneti, ili jamaa walio mbali wasome. Alijivunia safu zake. Kila jina alilitengea nafasi ishirini za herufi: fupi lilijazwa mapengo, refu lilikatwa, na ukurasa mzima ukasimama wima kama askari kwenye gwaride.

Eulalie alimtafuta mdogo wake Adolphine, aliyepotea walipokimbia Sange. Kila jioni alipiga simu.

"Umemuona mu liste?"

"Niliangalia, sheri. Kuko Nabintu M'Cirhagane wane, lakini Adolphine hakuna. Hao ni wengine."

Mwezi wa tatu wa kumtafuta, mama yao akavaa nguo nyeusi. Misa ya marehemu ikasomwa kwa ajili ya Adolphine, na Venant alikaa benchi la nyuma akifuta machozi.

Mungu hana haraka, ila hasahau. Siku moja masista walimwomba Eulalie apange daftari za wakimbizi wa Mumosho, ambako watu waliogopa kwenda kwa sababu ya vita. Ukurasa wa sita, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, akasoma: Nabintu M'Cirhagane Adolphine, miaka kumi na saba, ametoka Sange. Alihesabu kwa kidole. Majina mawili ya kwanza na mapengo yake yalimaliza nafasi ishirini. Jina la ubatizo, ambalo kwao huandikwa mwisho, lilibaki nje.

Hasira ilimpanda hadi masikio yakalia. Alijaribu Baba Yetu, akakwama kwenye "utusamehe". Akafunga kitenge chake kwa nguvu, akaenda chumba cha kompyuta.

"Nionyeshe kwenye unakatia watu."

Venant akafungua programu. Akaonyesha kwa kidole alama hizi: %-20.20s.

"Ishirini ya kwanza inajaza mapengo. Hii ya nyuma ya nukta ndiyo inakata."

"Na ulijua?"

"Nilijua inakata. Sikufikiria inakata nani."

"Mama alilia matanga ya mutoto muzima, Venant! Juu weye unapenda mistari inyooke! Na hao wane, uliuliza hata mumoja?"

Venant aliinamia kibodi. Alifuta nukta na ishirini yake. Majina yakachomoza, marefu kwa mafupi, na la Adolphine wa Mumosho kati yao, safu zote zikapinda.

"Nitazinyoosha kesho," alinong'ona.

"Uziache zipinde!"

Eulalie akatoka bila kumuaga. Siku mbili hakupokea simu zake. Ya tatu akapokea ili amtukane.

"Eulalie, usikate. Niko Mumosho."

"Njia ile? Weye iko na akili?"

Simu ikabadilishwa mkono. Sauti nyembamba ikasema, "Yaya?", vile Adolphine alivyozoea kumwita yeye dada mkubwa.

Eulalie akaketi chini sakafuni, simu imebanwa sikioni.

Venant na Adolphine walifika nyumbani, mtaa wa Kasha, mchana wa Jumapili, wamejaa vumbi. Mama alivua kitambaa cheusi kichwani, akamkumbatia Adolphine, wakaanguka pamoja kwenye mkeka wakilia na kuimba. Venant alibaki mlangoni, shati lake limepasuka begani.

"Eulalie, mbele ya mama yako, nilitaka kuomba..."

"Usiombe kitu leo."

"Basi niende?"

Eulalie akaingia jikoni, akarudi na sahani ya bugali na beseni la maji, akaliweka chini kwa kishindo hadi maji yakaruka.

"Sijakusamehe," alisema. "Nawa mikono."