Mtu Si Mahindi

Mzee Melkiadi wa Kabungu alijua kuchagua mbegu. Kila mavuno aliketi uani akatenga mahindi makubwa. Aliyafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza jikoni, juu ya moto, ili moshi uzuie wadudu. Majirani walikuja kumwomba mbegu, naye alijisikia sana. Mahindi yaliyodumaa yalikwenda kusagwa.

Mwaka 1996 mjukuu wake Lidia alimsaidia kumenya. Lidia alikuwa na miaka mitano. Alikuwa albino. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, na jua lilikuwa limembabua mabega.

Babu alimtazama, kisha akamwita mwanawe Libérat, baba yake Lidia.

"Mbegu mbaya hairudishwi shambani," alisema. "Mpeleke mkeo akafungwe kizazi. Asituletee zeruzeru mwingine."

"Atakubali, baba?"

"Kwani lazima ajue? Mwambie anaenda kupimwa damu."

Libérat alikubali. Mwanamume mzima! Hasira inanipanda hata ninapoandika. Na Lidia alikuwa pale pale, anamenya, anasikia.

Jumatatu asubuhi walifika kituo cha afya. Annonciata, mke wa Libérat, alikaa kwenye benchi akiwa amempakata Lidia. Muuguzi Mwamvita alimsikiliza Libérat, kisha akamgeukia mama.

"Dada, leo umekuja kufanya nini?"

"Kupimwa damu."

"Mumeo anasema umekuja kufunga kizazi. Usizae tena."

Annonciata alisimama. "Libérat! Miaka saba nalima na wewe, halafu unanileta hapa kama mbuzi wa mnadani?"

Libérat aliangalia chini. "Ni baba ndiye alisema."

"Tumbo ni la baba?"

"Hapa hafungwi mtu ambaye hajaamua mwenyewe," Mwamvita alisema. Zamu yake ilipoisha, alipanda baiskeli akaenda Kabungu.

Alimkuta Melkiadi uani na mahindi yake. Familia nzima ilikuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshamfunga?"

"Sijamfunga, na sitamfunga. Nani kakwambia ualbino umetoka kwake?"

"Ukoo wangu hauna zeruzeru."

"Ana jina. Anaitwa Lidia. Sikiliza, mzee. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili. Wanakuwa nao mwilini bila kuonekana. Mtoto akiupata pande zote mbili, ndipo ngozi inakosa rangi. Libérat anao. Aliupata kwako au kwa mama yake."

Mzee aliacha kumenya. "Basi naye afungwe?"

"Ungefungwa wewe kwanza, Libérat asingezaliwa!" Mwamvita alijibu kwa ukali. "Mahindi ni mali yako, chagua upendavyo. Mtu si mali yako. Lidia anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na kivuli. Shuleni akae mbele, maana haoni mbali vizuri. Na habari ya kuzaa, wataamua Annonciata na mumewe, bila mtu kudanganywa."

Lidia alimsogelea babu yake.

"Babu, na mimi nitasagwa?"

Mzee alisukuma mahindi kando. Alimkumbatia mtoto na kulia mbele ya watu wote. Ni vizuri alilia.

Libérat alimwomba mkewe msamaha. Annonciata hakusema naye kwa siku tisa, na sioni kosa lake. Wiki ile ile Melkiadi alikata ukindu, akamsukia Lidia kofia pana iliyofunika hadi mabega.

Miaka miwili baadaye Lidia alianza shule. Babu mwenyewe alimpeleka na kumwomba mwalimu amkalishe mbele. Mabega ya Lidia yalikuwa yamepona. Annonciata naye alikuwa mjamzito, kwa kupenda kwake.

Siku moja jirani yao, Severini, alikuja kuomba mbegu. Alimwona Annonciata na tumbo lake, akamnong'oneza mzee.

"Na huyu akizaliwa kama Lidia?"

"Nitasuka kofia ya pili," alisema Melkiadi kwa sauti kubwa. "Na wewe, mbegu katafute kwingine."